Bana Bomba, Upate Presha

Kwenye vilima vya Mwanza nyumba zimepachikwa katikati ya mawe, na kila mwenye nyumba ana elimu yake ya maji. Iliyo maarufu kuliko zote inasema hivi: maji yakitoka kinyonge, bana bomba. Ushahidi upo, tena kila mtoto anaujua. Ziba nusu ya mdomo wa mpira kwa kidole gumba, uone maji yanavyoruka hadi kwa jirani.

Mwalimu mmoja mstaafu wa hisabati, mkazi wa Isamilo, aliuamini ushahidi huo kwa moyo wote. Simtanki yake ya lita 1,000 ilikaa mita moja na nusu tu juu ya shawa, na maji yalimdondokea kichwani kama yanayoomba radhi. Asubuhi moja akashuka mjini kununua rediusa, kile kipande kinachounganisha bomba nene na jembamba. Mfukoni alibeba rula.

Rula ndiyo iliyoleta balaa. Nusu inchi ni milimita 12.7, hilo amelifundisha miaka na miaka. Alipopima uzi wa koki aliyopewa kuwa ni ya nusu, akapata karibu milimita 21.

“Kijana, umenipa kubwa.”

“Shikamoo mwalimu. Hiyo ndiyo nusu.”

“Na hili bomba la plastiki?”

“Hilo ishirini. Nalo ni nusu.”

Muuzaji hakuwa akimtania. Uzi wa bomba umerithi jina kutokana na tundu la mabomba ya chuma ya zamani, si upana wa uzi wenyewe. Ndiyo maana uzi wa robo tatu una milimita 26.4, yaani unazidi inchi kamili. Mabomba ya plastiki ya PPR, kwa upande wake, hupimwa kwa nje na kwa milimita. Lenye milimita 20 hutumika mahali pa nusu inchi, na la 25 mahali pa robo tatu. Hakuna anayedanganya dukani. Ila mwenye rula lazima atoke amenuna.

Afadhali yeye kuliko aliyeletewa koki ya kung’aa na shemeji anayeishi Marekani. Uzi unaotumika kwetu ni wa Kiingereza, uliotokana na kazi ya Joseph Whitworth wa mwaka 1841, na meno yake yana pembe ya nyuzi 55. Wa Kimarekani una nyuzi 60. Kwa nusu inchi na robo tatu, zote mbili zina meno 14 kwa kila inchi. Basi koki hushika, huzunguka vizuri, humpa fundi matumaini, halafu huvuja. Utepe mweupe utazungushwa mpaka uishe na itaendelea kuvuja.

Mwalimu alirudi nyumbani na rediusa ya inchi moja kwenda nusu, akaifunga pale pale maji yanapotoka kwenye tangi. Mkewe ndiye aliyeingia kuoga wa kwanza. Alikuwa ameshajipaka sabuni mpaka kwenye nyusi.

“Mwalimu! Maji umeyapeleka wapi?”

“Subiri kidogo, presha inajikusanya!”

Haikujikusanya, kwa sababu haikuwa na pa kutoka. Maji yaliyosimama hupata takriban bar 1 kwa kila mita 10 za kimo. Mita moja na nusu ni bar 0.15, na hakuna kipande cha dukani kinachoweza kuiongeza. Kidole gumba nacho hakitengenezi presha. Katika mpira mrefu, nguvu kubwa ya maji huliwa na msuguano njiani. Ukiziba mdomo, maji yanayopita hupungua, msuguano nao hupungua, na presha iliyokuwa ikipotea njiani sasa inafika mwisho. Haizidi hata chembe ile iliyoanzia kwenye koki. Ndoo hiyohiyo itachelewa zaidi kujaa, ila watoto hawapimi ndoo, wanampima jirani.

Hesabu yenyewe inatisha. Ukipunguza kipenyo cha bomba kwa nusu na bado ukataka maji yaleyale yapite, mwendo wake unakuwa mara nne, na hasara ya msuguano inafika kama mara 32. Mwalimu alikuwa ameukaba mfumo shingoni.

Fundi alifika kesho yake. “Mwangaluka, mwalimu,” akasema, akapanda juu, akacheka peke yake. Kati ya tangi na ukuta palikuwa na mnara: soketi, nipo, bushi, yunioni, bushi tena, kazi ya watu tofauti ambao kila mmoja alikosa kipande sahihi akaunga alichonacho. Akakata kiungo kimoja cha PPR, akakielekeza kwenye mwanga. Viungo hivyo huyeyushwa kwa joto la karibu nyuzi 260, na bomba la milimita 20 linataka sekunde tano tu. Aliyetangulia aliliacha mpaka likalainika kupita kiasi, akalisukuma kwa nguvu zake zote, na plastiki ikajikunja ndani. Tundu lililobaki lingepitisha mrija wa kalamu, nao kwa kujibana. Tangi likainuliwa, bomba la inchi moja likashushwa hadi bafuni, na rediusa ikahamia karibu na shawa.

Rediusa yenyewe haina kosa. Katika mradi uliozinduliwa mwaka 2009, maji ya Ziwa Victoria huvutwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, husukumwa hadi kilima cha Mabale, kisha huteremka kwa uzito wake kuelekea Shinyanga na Kahama. Katika safari za namna hiyo, kila mji ukishachukua fungu lake, yanayoendelea mbele ni machache, na kuyalipia bomba nene ni kutupa fedha.

Kwenye pampu za bustani za ufukweni, mambo hugeuka juu chini, na hapa si msemo. Pampu haivuti maji. Hewa ndiyo inayoyasukuma yapande. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo hewa ya huku ina nguvu pungufu kuliko ya Dar es Salaam. Rediusa inayobana pande zote sawasawa, ikilazwa upande wa kufyonzea, huacha mfuko wa hewa juu, na pampu inaanza kukohoa. Inayotakiwa hapo ni ile yenye mgongo bapa, nao mgongo utazame juu.

Vijana wa bustani moja ya nyanya upande wa Magu walielezwa hayo na fundi, ambaye kwa usalama akaandika JUU kwa rangi nyekundu kwenye ule mgongo. Msimu uliofuata pampu ikakohoa tena. Walikuwa wameifungua kusafisha, wakairudisha maandishi yakitazama chini, rangi isije ikababuka kwa jua.