Zero, Togwa na Shemeji Mwenye Rungu

Anayetaka kuacha soda asije kufanyia zoezi hilo Moshi. Mji una kiwanda chake cha soda, Bonite, na una ukarimu usiojua kumwacha mgeni mikono mitupu. Hujakaa sawasawa kwenye kochi, mtoto keshatumwa dukani kwa Mangi na chupa tupu. Ukikataa, mwenye nyumba anajiuliza una kinyongo gani. Mimi kinga yangu ilikuwa soda ya zero. Haina sukari, nikajihesabu kama mtu anayekunywa maji yenye rangi: asubuhi moja, mchana moja, na ya jioni ya kusindikizia tamthilia. Hapa Soweto friji yangu ilijulikana.

Mume wangu alipata silaha Julai 2023. Taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilikuwa imeiweka aspartame, kile kitamu cha kwenye soda za zero, katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Akanisomea kwa sauti ya taarifa ya habari ya saa mbili. Aya iliyofuata akairuka, ile inayosema kiwango kinachokubalika kwa siku kimebaki palepale, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, na kwamba mtu wa kilo 70 angehitaji zaidi ya makopo 9 hadi 14 kwa siku ndipo akivuke. Niliisoma mwenyewe, nikamwonyesha. Lakini shirika hilohilo lilikuwa limeshasema mwezi Mei kwamba vitamu visivyo sukari visitegemewe kupunguza uzito, na hapo sikuwa na la kujibu. Mizani ya bafuni ilikuwa shahidi wao.

Nikaanza na kahawa. Tuko kwenye mji wa KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa tangu 1933, nani atakosea? Muuza kahawa hupita jioni na birika lake juu ya mkaa, akigonganisha vikombe. Kikombe chenyewe kidogo, hakishibishi, basi unaongeza, na kahawa chungu haiendi bila kashata, kwa hiyo sukari niliyoikimbia ikanirudia kwa mlango wa nyuma. Saa nane usiku nilikuwa jikoni napanga makabati upya.

Juisi sizisemi. Ukwaju, rozela, pasheni, zote nzuri, mpaka umwone muuzaji anavyomimina sukari.

Yakabaki maji. Maji ya Moshi yanatoka kwenye chemchemi za mlimani, na mwezi wa Julai ukiyakinga bombani asubuhi meno yanauma kwa baridi. Nilichuma mchaichai uani nikatia kwenye jagi. Sina malalamiko, isipokuwa moja: ukifungua jagi, halisemi kitu. Ndipo nikajua kumbe utamu wa zero nilikuwa siujali kiasi hicho. Nilikuwa nataka ule mlio wa kufungua chupa, *psii*, na vile vipovu vinavyochoma pua.

Wifi yangu wa Uru akasema dawa ni togwa, uji wa mahindi uliotiwa kimea cha ulezi. Ikichachuka kidogo inachoma vizuri tu. Akaniletea ndoo ndogo. Nikaigawa kwenye chupa za zero nilizokuwa nimezitunza, nikakaza vifuniko kisawasawa maana nyumba ina sisimizi, nikazipanga juu ya kabati ambako joto la jiko halipungui.

Saa tisa usiku ikalia ya kwanza. Mume wangu akasema ni transfoma. Ya pili akasema ni wezi. Ya tatu hakusema kitu, alikuwa ameshaingia kati ya kitanda na ukuta. Jirani wa upande wa pili akaja mbio na rungu na kaptula ya ndani, akamulika tochi ya simu: togwa inadondoka kutoka darini, ukuta una ramani, paka kajilamba hadi kachoka. Jirani akanusa, akashusha rungu taratibu.

“Shemeji,” akasema kwa heshima zote, “humu mnapika gongo?”

Habari ikatutangulia Uru. Jumapili tulipopanda kusalimia, baba mkwe aliipokea shikamoo yangu akicheka mpaka fimbo ikamwanguka. Akaagiza kata ya mbege. Nikamweleza kwa adabu kwamba natafuta kinywaji cha afya.

“Hiki ni nini basi?” akauliza. “Ndizi mbivu, ulezi, na gome la msesewe. Kuna cha dukani humo?”

Mzee akionja kwanza, kisha akakushikisha kata, humwambii habari za mizani ya bafuni. Nilipiga mafunda machache ya unyenyekevu, ule uchungu wa msesewe ukanikunja uso, na yeye akatikisa kichwa kama daktari aliyeona dawa inaingia. Jioni tukiaga akamwita mjukuu alete dumu la lita tano lililojaa pomoni, akanikabidhi mwenyewe mkononi.

“Mwanangu,” akasema, “kifuniko usikikaze.”