Kikao cha Stoo: Mazungumzo ya Kisado, Bango na Madaftari Mawili

Misaada ya kijamii katika kata ya Ikolo, wilayani Kyela, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Tanzania, hupita katika njia mbili ambazo hukutana kwa nadra: ya kwanza ni ya serikali na mashirika, nayo hutembea na dodoso, rejesta na bango, ya pili ni ya majirani, nayo hutembea na mchele uliopimwa na daftari la shule lililokunjamana pembe. Kwa kuwa wanadamu wa njia zote mbili huwa na adabu nyingi mno mbele ya wageni, kiasi cha kuyameza wanayoyaona, mjadala ufuatao umeachiwa vifaa vyenyewe, vilivyowekwa pamoja katika stoo ya ofisi ya kijiji kisichotajwa jina, wakati wa masika, mvua ikipiga bati kwa kishindo kiasi kwamba aliye nje hawezi kusikia kinachosemwa ndani.

Wajumbe walikuwa wanne. Kisado, kopo la lita 4 hivi lililotoka kiwandani likiwa na rangi ya nyumba, na ambalo baada ya rangi kwisha lilipandishwa cheo likawa kipimo cha mchele na maharage, alikalia kiti cha mwenyekiti kwa sababu ya umri na kutu. Bango alikuwa wa chuma, ameegemezwa ukutani tangu mradi wake ulipokwisha, na mgongoni mwake watu waliwahi kuanika kakao. Kaunta Buku, daftari nene la jalada gumu, alitunza kumbukumbu za kaya zinazopokea ruzuku. Daftari la Msiba, la kurasa chache na kalamu iliyofungwa kwa uzi, aliachwa pale na katibu wa chama cha kufa na kuzikana, yaani umoja wa majirani wanaochanga ili mmoja wao akifiwa asizike peke yake. Ilikubaliwa mapema kwamba hakuna mjumbe atakayejitaja kwa neno "mimi", kwa kuwa muhtasari wa kikao haulitambui, na kila mmoja ajiite kwa jina lake kama afanyavyo mtu anayejua kwamba maneno yake yatawekwa kwenye faili.

KISADO: Ndugu wajumbe, ajenda ni moja. Nyumba ya tatu kutoka mtoni anaishi bibi mjane mwenye wajukuu watatu, na kila mjumbe aliye humu amewahi kudai kwamba anamsaidia. Mwenyekiti anaomba kila mmoja aeleze alichomfanyia, kwa ufupi, na bila hotuba.

BANGO: Mheshimiwa Mwenyekiti, Bango anaomba radhi kwamba ufupi si desturi ya mabango. Mradi uliosimikwa pamoja naye ulikuwa wa kuwajengea wanawake uwezo, na kujengewa uwezo, kwa wasiofahamu, ni kufundishwa jambo ambalo aliyefundishwa hataweza kulifanya mpaka apate mtaji. Bibi huyo alihudhuria semina ya ujasiriamali ya siku mbili, akapata soda, nauli, daftari na fulana yenye nembo ileile iliyo hapa kifuani.

KISADO: Na mtaji?

BANGO: Mtaji ulikuwa katika awamu ya pili, na awamu ya pili ilitegemea tathmini ya awamu ya kwanza, na tathmini ilionyesha mafanikio makubwa kiasi kwamba wafadhili waliona wilaya nyingine ina uhitaji zaidi. Lakini Bango angependa kuingiza kwenye kumbukumbu kwamba mradi ulikuwa endelevu, neno linalomaanisha kitu kinachobaki mradi ukiondoka.

DAFTARI LA MSIBA: Na kilichobaki ni nini, shikamoo mzee?

BANGO: Kilichobaki ni Bango.

Kikao kilikaa kimya kwa muda. Inafaa msomaji aelewe kwamba jibu hilo halikuwa la mzaha, kwa sababu mashirika yasiyo ya kiserikali, ambayo nchini Tanzania yanaongozwa na sheria mahususi ya mwaka 2002, yanadaiwa taarifa na serikali kwa upande mmoja na wafadhili kwa upande mwingine, na bango lililosimama barabarani hupigwa picha kwa urahisi kuliko shibe ya mjukuu. Mengi ya mashirika hayo hufanya kazi ya dhati kwa fedha kidogo; kasoro iko katika mkataba, ambao humhesabu aliyehudhuria semina na haumfuati nyumbani kuona kama alirudi na kitu cha kupika.

KAUNTA BUKU: Kaunta Buku hahitaji rangi wala nembo, maana ana safu na mistari. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao wananchi huuita TASAF, ulianzishwa mwaka 2000, na katika awamu zake mbili za mwanzo ulijulikana zaidi kwa madarasa, zahanati na visima; tangu awamu ya tatu iliyoanza mwaka 2012 umekuwa ukipeleka fedha kwenye kaya zenyewe kupitia Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Jambo hilo wataalamu huliita uhawilishaji fedha, yaani kuhamisha fedha za umma kwenda kwa kaya bila kudai zirudishwe. Jina la bibi huyo lilitajwa kwanza kwenye mkutano wa kijiji, likajaziwa dodoso linalouliza juu ya paa, choo, mifugo na idadi ya walao chungu kimoja, kisha kompyuta ikapiga hesabu na kumthibitisha kuwa ni mlengwa.

DAFTARI LA MSIBA: Mlengwa ni nani, dada mkubwa?

KAUNTA BUKU: Ni yule ambaye mpango unamlenga.

DAFTARI LA MSIBA: Katika nyumba za wawindaji anayelengwa ni digidigi, na hakuna digidigi aliyewahi kufurahi kuambiwa kwamba ameorodheshwa.

KAUNTA BUKU: Dhihaka hiyo haibadilishi hesabu. Malipo hupangwa kila baada ya miezi miwili, na sehemu yake hufungwa kwenye masharti: mtoto wa shule ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na mdogo apelekwe kliniki. Tangu bibi aingie humu, wajukuu wake hawajakosa shule kwa kukosa daftari, na kuku wawili aliowanunua kwa ruzuku ya kwanza sasa ni banda zima. Nani mwingine katika stoo hii anaweza kuonyesha banda?

Hakuna aliyeweza, na haki inataka hilo litamkwe wazi, kwa kuwa fedha ndogo inayofika mara kwa mara mikononi mwa mwanamke imeonekana kununua chakula, sare za shule na kuku kabla ya kununua anasa yoyote. Hata hivyo mwenyekiti aliuliza juu ya jirani wa bibi huyo, kikongwe mwenye hali mbaya zaidi, ambaye jina lake halimo.

KAUNTA BUKU: Siku ya mkutano huyo alikuwa mgonjwa, na asiyekuwepo hakutajwa. Isitoshe nyumba yake ina bati, alilojengewa na mwanawe aliyekuwa mjini kabla hajafariki, na dodoso linaona bati lakini halioni kaburi. Wakati huohuo, kule nyuma, yalikuwepo majina ya watu wenye maduka na majina ya marehemu, yaliyokuja kuitwa kaya hewa na kufyekwa katika uhakiki. Kaunta Buku anakiri kwamba alikula wino wa majina hayo bila kuhisi kichefuchefu chochote, maana karatasi haitofautishi hai na hewa.

KISADO: Na yule anayepata nafuu?

KAUNTA BUKU: Huyo huhitimu. Kuhitimu ni kutolewa kwenye mpango baada ya hali ya kaya kuonekana imeinuka.

BANGO: Hivyo umaskini nao una mahafali.

KAUNTA BUKU: Una mahafali, ila hakuna mzazi anayekuja kumvisha mhitimu shada la maua, kwa maana mhitimu mwenyewe huwa analia.

Hapo Daftari la Msiba, aliyekuwa akingoja zamu kwa subira ya kifaa kinachojua kwamba zamu yake hufika kwa kila mtu, alifunguliwa na upepo kwenye ukurasa wa kati.

DAFTARI LA MSIBA: Daftari hili halina dodoso, halina kompyuta, wala halikufundishwa semina. Mtu akifa Ikolo, kabla kaburi halijachimbwa, kina mama wamekwisha kufika na mchele, ndizi, kuni na mafuta ya mawese, na vijana wamekwisha kushika majembe. Hayo hayakuletwa na mfadhili. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kati ya Wanyakyusa, wenyeji wa huku, miaka ya 1930, walikuta vijiji vya marika, ambamo vijana wa umri mmoja walijijengea makazi yao na kula pamoja, na kitabu cha Monica cha mwaka 1951 kilichukua jina lake kutokana na dhana ya ukwangala, ambayo ni raha na wema wa kukaa, kula na kuzungumza na wenzako. Vijiji vile vimepita, lakini daftari hili ni kitukuu chao.

KAUNTA BUKU: Kitukuu kina ukurasa wa mwisho ambao hakijausoma. Mwenyekiti amruhusu mjumbe asome majina yaliyopigwa mstari mwekundu.

DAFTARI LA MSIBA: Hao ni wanachama waliokosa ada mara tatu.

KAUNTA BUKU: Na waliokosa ni akina nani? Ni wenye maduka?

DAFTARI LA MSIBA: Ni… wasionacho.

KAUNTA BUKU: Basi umoja wa kusaidiana huwafuta wanaohitaji kusaidiwa, na dodoso linalodharauliwa humu ndani ndilo pekee linalowatafuta. Tena wale wanaochanga hawachangi kwa upendo mtupu. Hao hao akina Wilson waliandika juu ya pumzi ya watu, imani kwamba manung'uniko ya majirani dhidi ya mchoyo huweza kumpuliza baridi na kumletea maradhi. Mchele unaopimwa kwa kuogopa pumzi ni kodi, hata kama mtozaji hana kofia.

DAFTARI LA MSIBA: Kodi hiyo humfikia mfiwa siku ileile, bila kusubiri miezi miwili.

KISADO: Wajumbe wasigombane, kwa sababu Kisado ametumika pande zote mbili na anazo siri za wote. Mto unapofurika na maji kuingia nyumbani, anayefika kwanza ni jirani mwenye mtumbwi, naye hamuulizi mtu jina wala ada, ingawa maji yakipungua nauli hurudi palepale. Baada ya siku kadhaa hufika gari la misaada, na Kisado hutolewa humu ili awapimie watu wa uwanda wa mpunga unga wa mahindi, huku kila apokeaye akitia sahihi na kupigwa picha. Waliopokea hupita nyuma ya ghala na kubadilishana unga kwa mchele ulionusurika darini. Hakuna fomu ya kubadilishana huko, ndiyo maana kunakwenda vizuri.

Baada ya maneno hayo mwenyekiti aliagiza madaftari yote mawili yafunguliwe kwenye jina la yule bibi na kuwekwa ubavu kwa ubavu. Katika Kaunta Buku aliandikwa kuwa kaya maskini, mlengwa, amepokea, amepokea, amepokea, na mbele ya kila neno palikuwa na alama ya dole gumba. Katika Daftari la Msiba aliandikwa kuwa mwanachama, mchele kisado kimoja, kuni mzigo mmoja, mchele nusu kisado, hajadaiwa. Mtu ambaye angesoma daftari la kwanza peke yake angedhani bibi huyo hajawahi kutoa kitu maishani, na ambaye angesoma la pili angedhani hajawahi kupungukiwa.

BANGO: Dawa yake ni rahisi. Kaunta Buku aongezewe safu ya alichotoa, na Daftari la Msiba aongezewe safu ya alichopokea, na uzinduzi wa safu hizo ufanyike mbele ya bango.

KAUNTA BUKU: Safu hiyo ikiwepo, mhakiki atakayekuja ataona mama anayegawa mchele, atahesabu visado, na mwaka utakaofuata bibi atakuwa amehitimu.

DAFTARI LA MSIBA: Na humu ikijulikana kwamba anapokea ruzuku, kamati itasema sasa ana uwezo, ada yake ipande.

Wajumbe walitazamana. Ilidhihirika kwamba ujinga wa kila daftari juu ya mwenzake ndio uliokuwa ukimlinda bibi, kwa sababu ruzuku aliyopewa ili asife njaa ndiyo iliyomwezesha kulipa ada ili asizikwe kama mgeni, na matumizi hayo, ambayo hayamo katika taarifa yoyote ya utekelezaji, huenda yeye aliyahesabu kuwa ya kwanza. Msaada ulimwona kama mdomo, na ujirani ulimwona kama mkono. Yeye aliunganisha viwili hivyo peke yake, usiku, kwa kugawa noti chache katika mafungu juu ya mkeka.

KISADO: Hoja ya kuongeza safu imeondolewa. Kipengele kinachofuata ni mengineyo.

Kabla hakijajadiliwa, kitasa kilizungushwa na mlango ukafunguliwa. Aliyeingia alikuwa bibi mwenyewe, kanga imelowa mabegani, akiwa ameruhusiwa na mlinzi kuchukua kipimo. Yule kikongwe mwenye nyumba ya bati, ambaye hakuwamo katika Kaunta Buku na ambaye katika Daftari la Msiba alikuwa chini ya mstari mwekundu, alikuwa amefariki alfajiri. Bibi hakutazama bango, wala hakufungua daftari lolote kuona kama marehemu alikuwa na sifa. Alikung'uta vumbi lililokuwamo ndani ya Kisado, akamfunika kwa upindo wa kanga na kutoka naye mvuani.

Muhtasari, ulioandikwa na Kaunta Buku kwa mwandiko wa kawaida, unaonyesha kwamba kikao kiliahirishwa saa hiyohiyo kwa kukosa mwenyekiti, ambaye ameazimwa na mlengwa.