Sifa za Pedi Inayochelewa

Wakubwa wana wasifu wao. Tembo wa Katavi wana watalii, Simba na Yanga wana matarumbeta, na marehemu yeyote aliyeacha nyumba ya bati hakosi msemaji siku ya maziko. Mimi nimejitolea kumsemea mmoja asiye na wakili katika mji mzima wa Mpanda: lile pengo lililo kati ya kidole changu kubonyeza kitufe na ngumi kuonekana kwenye skrini. Vijana wa vibanda vya gemu hulitukana mchana kutwa. Pedi nzito, wanasema, pedi imekufa, pedi inachelewa. Mnaolitukana, kaeni chini. Leo linapewa cheo cha Mheshimiwa, kwa sababu zitakazoonekana mbele, na litasifiwa kwa utaratibu: nasaba kwanza, fadhila baadaye, maombi mwisho.

Kwa nasaba, Mheshimiwa Kuchelewa ametoka mbali. Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya kaskazini, alichomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe wa kumzaa. Akajikokota hadi kisimani, akapiga goti, akatia mshale kwenye upinde, akakata roho katika hali hiyo. Watu wa mji wakamwona shujaa yuko tayari kupiga. Siku zikapita hakuna aliyethubutu kuteka maji, mpaka mwili ulipoanguka. Kifo kilikuwa kimekwisha kutokea. Picha ndiyo iliyochelewa. Hata leo ukimuua mpinzani wako kibandani, akaendelea kusimama mbele yako akiwa fiti na ngumi juu, usimdharau. Yuko katika safu ya Liyongo.

Kwa nasaba ya karibu, Mheshimiwa alizaliwa siku runinga ya chogo ilipotolewa kibandani. Tekken 3 ilitoka Japani mwaka 1997 kwa mashine za kumbi za michezo, ikaja kwenye PlayStation mwaka 1998, enzi ambazo karibu kila runinga ya sebuleni ilikuwa na chogo. Chogo halikuwa na akili, na hiyo ndiyo iliyokuwa heri yetu. Mawimbi yakiingia kwa waya wa njano, yanachorwa kwenye kioo papo hapo. Runinga bapa ina akili, na mwenye akili katika nchi hii hafanyi jambo bila kikao. Inayapokea mawimbi ya kizamani, inayageuza kuwa tarakimu, inaivuta picha ienee kioo kizima, inaing'arisha, inainoa kingo, ndipo inairuhusu itoke. Kikao hicho kinaweza kuchukua milisekunde 50, kwa runinga nyingine 100 na zaidi. Kwa gemu inayochora picha 60 kila sekunde, milisekunde 100 ni fremu sita. Ngumi ya haraka yenyewe haihitaji zaidi ya fremu kumi hivi kufika puani.

Sasa fadhila. Iliyo kuu kuliko zote ni unabii, na hapa naomba msikivu avute kigoda.

Binadamu mwenye afya, aliyelala na kula, hutumia karibu robo sekunde kuona jambo na kuliitikia kwa kidole. Hizo ni fremu 15. Enzi za chogo, teke la chini la polepole ulikuwa unaliona likianza, unachuchumaa, unalizuia, kisha unamwadhibu mwenye teke kwa raha zako. Ongeza fremu sita za Mheshimiwa, na teke lile lile unaliona likiwa limeshafika mguuni. Kila unachokitazama kwenye skrini ni historia. Ukijilinda dhidi ya unachokiona, unajilinda dhidi ya yaliyopita, na yaliyopita yameshakuvunja goti.

Basi mchezaji wa kweli huacha kutazama skrini. Hazuii teke, anazuia nia ya teke. Anasikiliza pumzi ya aliyekaa naye kwenye benchi. Anajua kwamba kijana akihamisha makalio kuelekea kushoto, Eddy Gordo wa kwenye skrini anakaribia kuzungusha miguu. Akilamba mdomo, King anakuja kukamata. Akinyamaza ghafla, ana deni na anataka kumaliza raundi. Wapo waliopanda daraja la juu zaidi. Mmoja nimemwona anajilinda wakati mpinzani wake bado anatafuta shilingi mia mbili mfukoni. Mimi mwenyewe nimewahi kutoa ngumi iliyowashangaza watazamaji wote, hata mtoto mmoja wa darasa la sita akauliza, “Anko, hiyo umeibonyeza lini?” Nikamjibu, “Raundi iliyopita, mwanangu.”

Unabii huu haubaki kibandani. Aliyefuzu anajua mvua itanyesha saa ngapi Makanyagio, anajua mkewe atauliza nini kabla hajavua viatu, na anajua mazungumzo ya mahari yamefika wapi kwa kutazama tu kikombe cha mjomba. Majirani zetu wa Sumbawanga wanasifika kwa radi inayotumwa. Sisi Mpanda tuna ngumi iliyotumwa jana, na sijui kwa nini hakuna anayetuogopa.

Fadhila nyingine nazitaja kwa mbio. Mheshimiwa hupunguza ugomvi, maana aliyepigwa hajui kapigwa lini. Huinua uchumi, kwa kuwa raundi zinaisha upesi na sarafu inarudi kwa mwenye kibanda. Huwapa wanaume wazima waliofungwa na watoto udhuru usiopatikana duka lolote. Na hufundisha subira, ile ya viboko wa mto Katuma mwezi wa kumi, waliosongamana kwenye tope wakiingoja Novemba.

Ningeendelea hivi hivi kwa adabu. Lakini jamani! Juzi nina damu robo tatu, mpinzani kabakiza uzi. Nabonyeza mraba. Jin, mpiganaji wangu, kasimama tu. Nabonyeza tena. Kasimama, anapumua, nywele zake zimekaa vizuri. Kisha ngumi zote mbili zikatoka kwa pamoja na kupiga hewa, wakati Eddy keshakuwa mgongoni kwangu anacheza capoeira yake ya Brazili kwa furaha zote. Nikamgeukia mwenye kibanda. Akasema pedi ni nzima, mkono wangu ndio mzito. Nikamwonyesha chogo lake la zamani, runinga isiyokuwa na dosari hata moja, limewekwa uani na kuku wanalilalia. Akasema zama zimebadilika, wateja wa mpira wanataka runinga nyembamba. Nikamwambia kwa upole kwamba ndani ya runinga hiyo hiyo nyembamba, kwenye mipangilio, huwa kuna modi ya gemu. Ukiiwasha, kikao kinafupishwa. Akanisikiliza vizuri mpaka mwisho.

“Rimoti imepotea,” akasema.

Hilo ndilo lililonikaa kooni. Dawa ipo, iko ndani ya ugonjwa wenyewe, inataka kubonyeza mara nne tu, na mwenye mamlaka kapoteza rimoti. Tangu siku hiyo, hasira yangu kwa Mheshimiwa imepungua sana. Imehamia kwingine.

Maana ukimchunguza Mheshimiwa bila chuki, utamkuta ana haki. Chukua ngumi ya umeme ya Jin, mtihani mgumu kweli katika Tekken 3: mshale wa mbele, uachie, mshale wa chini, kisha mshale wa chini-mbele na pembetatu vigonge pamoja ndani ya fremu moja, sehemu moja ya 60 ya sekunde. Nilidhani kwenye runinga bapa ingekuwa muhali. Kumbe inatoka, na cheche zake za umeme. Kwa nini? Kwa sababu Mheshimiwa huchelewesha vidole vyote sawasawa. Mpangilio uliouingiza ndio anaoutoa; amesogeza muda wake tu. Hapendelei pembetatu, haonei mraba. Ni fremu sita leo na fremu sita keshokutwa, kwa mtoto wa bosi na kwa mtoto wa muuza karanga. Kuchelewa kunakojulikana kipimo chake kunazoeleka. Vidole hukishika bila hata kuambiwa, na baada ya muda mtu anacheza vizuri kabisa, nusu hatua mbele ya macho yake.

Na kuzoea ndiyo fani yetu watu wa Katavi. Tulijengewa reli kutoka Kaliua, kilomita 210, kwa ajili ya madini ya risasi. Ikafunguliwa mwaka 1950. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa, tukabaki na reli, nayo tukaizoea. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Sisi wa Bara tukaipata televisheni mwaka 1994, na tulipoipata hatukuuliza ilikuwa wapi. Mkoa wenyewe tuliupata mwaka 2012. Kabla ya hapo jambo la mkoa lilifuatwa Sumbawanga. Umeme wa gridi ya taifa tuliusikia kwenye taarifa ya habari kwa miaka mingi, tukiisikiliza kwa umeme wa majenereta ya dizeli.

Kisha waulizeni wazee wa makazi ya Katumba na Mishamo. Walikimbia Burundi mwaka 1972, wakafyeka msitu, wakalima, wakazaa. Baada ya miaka zaidi ya 30 wakaulizwa kama wanataka uraia wa Tanzania, na walio wengi wakasema ndiyo. Mwaka 2010 watu zaidi ya 160,000 wa makazi haya na ya Ulyankulu wakakubaliwa. Vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Miaka minne mtu ameshakuwa raia kwenye jalada na mkononi hana kitu. Mkimbizi wa zamani, raia wa baadaye. Hapo sina mzaha wa kutia.

Mzaha wangu una mahali pake, napo ni dirishani. Nilipeleka fomu kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Jirani yangu alipeleka yake baada yangu, fomu ile ile, picha zile zile ndogo, mihuri ile ile. Yake ikatoka kabla yangu haijapewa namba ya jalada. Nilipouliza, mtandao ulikuwa chini. Niliporudi, mtandao ulikuwa juu, ila mhusika alikuwa semina Dodoma. Nikiwahi, hawajafungua, nikija kwa wakati, wako chai, nikichelewa, zoezi limefungwa. Je, niongeze fremu ngapi hapo? Nibonyeze lini? Pedi mbovu kuliko zote za Mpanda haijawahi kunituma nikatoe kopi, wala kuniambia nimwone mtu fulani pembeni. Huu si ucheleweshaji wa runinga. Huu una macho. Unamtazama mtu usoni kwanza, ndipo unaamua uwe mrefu kiasi gani. Nabii gani atautabiri?

Najua ukutani, nyuma ya kioo, umetundikwa mkataba wa huduma kwa mteja. Nimeusoma wote, nilikuwa na nafasi ya kutosha. Umeandika siku kwa kila huduma, siku chache za kupendeza. Namba hizo zilipimwa kwenye chogo.

Basi haya ndiyo maombi niliyoyaahidi, na ninayatoa kwa heshima zote. Mbio hatuzidai, mbio ni anasa, na sisi hatukulelewa nazo. Shusheni karatasi hiyo, mwandike kipimo cha kweli, kisha kiwe kimoja kwa wote. Kama ni siku 90, ziwe 90 kwangu na 90 kwa shemeji wa mkuu wa idara. Kama ni miaka minne, andikeni minne, kwa wino mzito, mtoto asome. Yaliyobaki tuachieni sisi tuliofundwa na Tekken, tutabonyeza mapema. Anayetaka cheti cha mtoto atajaza fomu siku ya kuposa, na anayetaka hati ya kiwanja cha kumjengea mjukuu ataanza kufuatilia akiwa bado anapelekwa shule kwa fimbo.