Namba Isiyo na Ubini

Fundi bomba akimtuma kijana dukani humwambia maneno mawili tu: "Lete nusu." Kijana huenda. Haulizi nusu ya nini, maana kuuliza ni kujionyesha mgeni, na hakuna anayependa kuwa mgeni mbele ya rundo la koki. Muuzaji naye haulizi, kwa sababu hiyo hiyo. Ndivyo kazi ya dakika kumi inavyokula safari tatu za bodaboda. Nyumba zetu ni ndoa ya mseto: nondo ni ya milimita 12, ubao ni mbili kwa nne kwa inchi na futi 12 kwa urefu, kiwanja kimepimwa kwa mita, shamba kwa ekari, na bomba la plastiki la milimita 20 huozwa koki ya nusu inchi bila mahari wala mshenga. Inchi yenyewe mtaani imefupishwa ikawa "nchi", hata televisheni ya nchi thelathini na mbili ikaizidi Jumuiya ya Afrika Mashariki mara nne, maana Jumuiya ina nchi 8 tu. Wengi huulaumu mseto huo. Nadhani wanamshika asiyehusika. Inchi haina kosa, wala milimita. Mkosaji ni namba inayozurura mjini bila ubini, ikijitambulisha kwa jina la kwanza na kutegemea kwamba kila mtu anapajua kwao.

Chukua bati. Kuna geji 28, kuna 30, kuna 32, na mnunuzi aliyelelewa kuamini kwamba kikubwa ndicho bora huondoka na 32 huku akijipongeza. Geji huhesabu kinyumenyume: namba ikipanda, bati linakonda. Bwana yule amejinunulia paa ambalo paka akikatiza usiku, ukoo mzima huamka. Lau bati lingetajwa kwa milimita za unene, asingehitaji elimu yoyote zaidi ya ile ya kujua kipi kikubwa. Tairi ndiyo kiboko. Ubavuni imeandikwa 185/70 R14: 185 ni upana kwa milimita, 70 ni asilimia ya upana huo inayoleta kimo cha ubavu, na 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Wapangaji watatu wa makabila matatu katika chumba kimoja, na hakuna aliyebandika jina mlangoni.

Nitaambiwa nakuza mambo: wenye kazi yao wanaelewana, na muktadha unatosha. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama wanaoumbuka wangekuwa vijana wa kutumwa peke yao. Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya Boeing 767 ya Air Canada ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Geji zake za mafuta zilikuwa mbovu, kwa hiyo yakapimwa kwa kijiti, lita zikageuzwa kuwa uzito kwa kuzidisha na 1.77. Namba hiyo ilikuwa halali kabisa, isipokuwa ni ya pauni kwa lita. Ya kilo ni 0.8 hivi. Kanada ilikuwa inahama kutoka pauni kwenda kilo, na 1.77 ilibaki nyuma kama mpangaji asiyepewa notisi. Ndege ikapaa na pauni 22,300, yaani chini ya nusu ya ilichohitaji, injini zote mbili zikazima angani, na rubani Robert Pearson, aliyekuwa na uzoefu wa kurusha ndege zisizo na injini, akaitua Gimli kwenye uwanja wa zamani wa jeshi ambapo siku hiyo watu walikuwa wakishindana kwa magari. Wote 69 walitoka hai. Hao hawakuwa wageni wa kazi. Walikuwa wenyeji mno hata hawakuulizana. Miaka 16 baadaye chombo cha NASA cha Mars Climate Orbiter kilifika Mirihi kikiongozwa kwa hesabu ambazo upande mmoja ulizitoa kwa pauni za nguvu na upande wa pili ukazisoma kwa newtoni. Pauni moja ya nguvu ni newtoni 4.45 hivi. Chombo kikashuka hadi kilomita 57 kutoka kwenye sayari, ilhali chini ya kilomita 80 hakikuweza kupona. Kwa mizania hiyo, kijana wetu aliyeleta koki isiyoingia ni mtu wa hasara ndogo sana.

Lipo pingamizi gumu zaidi, nalo limekaa kwenye kila genge. "Kilo" maana yake ni elfu tu. Anayeomba kilo ya sukari anaomba elfu ya sukari, gramu amezimeza, na bado hakuna anayerudi nyumbani na balaa. Ni kweli, lakini tazama kilichokaa kati ya mnunuzi na muuzaji: mizani. Mizani husema ubini ambao ulimi umevivia. Kwenye bati, tairi na ndege ile hapakuwa na mizani ya kusema. Umeme nao una mita ukutani, ndiyo maana tunathubutu kuuita "yuniti", neno lisilo na maana zaidi ya kipimo, sawa na mtoto kupewa jina la Mtu. (Ni kilowati-saa, kwa wanaopenda majina kamili; pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima humaliza moja.)

Wengine watasema dawa ni kuzika vipimo vya wazee. Vina kosa gani? Kibaba kilikuwa na jina, na vibaba vinne vilikuwa pishi moja, Mombasa mpaka Kilwa. Dhiraa ilitoka kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati, na kama muuza nguo alikuwa mfupi ulimwona kwa macho yako ukahamia kwa mrefu. Kabla ya kuucheka mkono wa muuza nguo, tukumbuke kwamba kuanzia 1889 hadi Mei 2019 kilo ya dunia nzima ilikuwa kipande cha platini na iridi kilichofungiwa karibu na Paris, nacho kikatofautiana na nakala zake kwa mikrogramu kama 50. Hata fungu la nyanya lina uungwana wake: halijidai kuwa namba. La kuogopwa ni gunia, linalotaja chombo na kunyamaza kuhusu kiasi, mpaka siku linapovishwa kilemba na kuitwa lumbesa.

Kwa hiyo, fundi, ukimtuma kijana kesho, mwandikie "nusu inchi" kwenye kipande cha karatasi. Penseli unayoitafuta iko juu ya sikio lako.