Kopo la Sabuni ya Kunyolea na Misukosuko Yake

Miongoni mwa vyombo vyote vinavyokaa bafuni, hakuna kinachoishi kwa mashaka kuliko kile kinachohifadhi sabuni ya kunyolea ndevu, kwa kuwa ndoo ina kazi yake inayojulikana, kata ina kazi yake, na hata jiwe la kusugulia visigino lina pembe yake ambayo hakuna anayelinyang'anya, ilhali chombo hiki aghalabu kimetoka jikoni bila ruhusa na jikoni bado kinadaiwa. Sabuni inayozungumzwa hapa si lile povu linalotoka kwenye mkebe kwa kubonyeza kitufe, wala si krimu ya kukamua kutoka kwenye tyubu, bali ni sabuni halisi, ngumu au yenye kubonyea kwa kidole, ambayo mnyoaji huisugua kwa brashi iliyoloa maji hadi itoe povu zito la kupaka usoni. Kunyoa kwa sabuni ya namna hiyo ni kazi ya dakika chache. Kuihifadhi ni kazi ya mwaka mzima, na watu wote wa nyumbani huishiriki, wengine bila kujua.

Chanzo cha misukosuko hiyo ni kemia. Sabuni yoyote hupatikana kwa kuunganisha mafuta na alkali, yaani kemikali kali ya ukoo mmoja na magadi, na aina ya alkali ndiyo inayoamua ugumu wake: hidroksidi ya sodiamu hutoa sabuni ngumu inayoweza kukatwa miche, na hidroksidi ya potasiamu hutoa sabuni laini. Watengenezaji wengi wa sabuni ya kunyolea huzitumia zote mbili pamoja, wakaongeza kwa wingi asidi ya steariki, ambayo ni sehemu ya mafuta mazito inayolifanya povu lisimame usoni badala ya kutiririkia kwenye kola, na huiacha humo gliserini, kimiminika kizito kinachozaliwa sabuni inapotengenezwa. Gliserini huvuta unyevu kutoka hewani. Usoni sifa hiyo ni neema, kwa sababu povu halikauki kabla wembe haujafika, lakini juu ya rafu ya bafu la Tanga, Mombasa au Unguja wakati wa masika, sifa hiyohiyo huifanya sabuni itoe matone ya jasho ingali imekaa peke yake. Mwenye sabuni anayeikuta asubuhi imelowa, hali yeye hajanyoa tangu Ijumaa, huwa haifikirii gliserini hata kidogo. Humfikiria shemeji aliyekuja mjini kutafuta kazi, ambaye kwa bahati mbaya siku hiyo amependeza sana.

Dawa ya kwanza inayomjia mwenye nyumba ni kifuniko. Malezi ya Pwani na ya bara yanakubaliana kwamba kitu kisichofunikwa kimekwisha kuharibika, kwa hiyo unga hufunikwa, maji hufunikwa, wali hufunikwa kwa kawa, nayo sabuni iliyotoka kutumika hufunikwa ingali inachuruzika maji. Baada ya muda sabuni laini iliyofungiwa pamoja na maji yake huvunda na kuota ukungu pembezoni, na harufu ya waridi iliyolipiwa dukani hugeuka kuwa harufu ya kisima kilichoachwa. Kanuni sahihi ni kumwaga maji yaliyobaki juu, kuiacha sabuni wazi hadi ikauke, ndipo ifunikwe. Kanuni hiyo, isiyo na dosari yoyote kisayansi, haikumzingatia panya. Sabuni nyingi za kunyolea za mtindo wa zamani hutengenezwa kwa mafuta ya ng'ombe au kondoo, na panya, ambaye hajafahamishwa kwamba mafuta hayo yamekwisha kugeuzwa kitu kingine, huitafuna kwa moyo wote, kisha hukaribisha mende. Mnyoaji hubaki kati ya ukungu na meno. Kipo kifuniko kinachopitisha hewa na kuzuia wadudu, nacho ni lile kawa la ukili, ila mwandishi mwenye kupenda amani hatashauri kawa la wali lipelekwe bafuni.

La kustaajabisha ni kwamba tatizo hili liliwahi kupatiwa ufumbuzi, nao ulipatikana nje ya nyumba. Nchini Marekani, katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, mteja wa kudumu wa kinyozi aliweza kuwa na kikombe chake mwenyewe cha kaure, kilichokaa kwenye rafu ya kinyozi pamoja na vya wenzake, kimeandikwa jina lake kwa rangi ya dhahabu na mara nyingine kimechorwa kazi anayoifanya, kama vile ng'ombe kwa muuza nyama au gari la farasi kwa mwendeshaji wake. Sababu mojawapo ya utaratibu huo ilikuwa hofu ya kuambukizana maradhi ya ngozi ya kidevu kwa kuchangia sabuni. Ndani ya kikombe kiliwekwa kipande cha sabuni cha mviringo, cha aina iliyoipatia umaarufu kampuni ya J. B. Williams ya Glastonbury, katika jimbo la Connecticut. Hakuna aliyekichukua kikombe hicho akanywea chai, wala aliyekihamisha, maana kikombe kilikuwa na jina, rafu ilikuwa na mlinzi, na mlinzi alikuwa na wembe mkononi.

Amani hiyo ilivunjwa na King C. Gillette, aliyeanza kuuza mashine yake ya kunyolea yenye nyembe za kubadilisha mwaka 1903. Mwaka huo ziliuzwa mashine 51 tu, idadi ambayo ingemtosha mtu mwingine kurudi kijijini, lakini mwaka uliofuata mauzo yalipita 90,000, na Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, jeshi la Marekani likawagawia askari wake mashine hizo kwa mamilioni. Wanaume wakajifunza kujinyoa nyumbani, na sabuni ikawafuata huko. Kwa hiyo chombo chenye mwenyewe kiliingia mahali ambapo hakuna chombo chenye mwenyewe, na tangu hapo hakijapata kutulia. Wapo watengenezaji wachache ambao bado huiuza sabuni pamoja na makazi yake; Tabac ya Ujerumani, jina lililoanza kuuzwa na Mäurer & Wirtz mwaka 1959, huja ndani ya bakuli jeupe zito lenye kifuniko, na sabuni ikiisha hununuliwa kipande kipya cha kujazia. Kasoro ya bakuli hilo ni uzuri wake. Kitu cheupe chenye kifuniko kinachokaa vizuri hakidumu bafuni. Wageni wa kwanza wakibisha hodi, kitu hicho huoshwa, hupanguswa na kutiwa sukari, na mwenyewe hukiona tena kikiwa mbele ya shangazi, naye kwa heshima hulazimika kujipakulia vijiko viwili.

Vyombo vinavyombakia mnyoaji wa kawaida kila kimoja kina udhia wake. Mbao hupendeza, na maduka ya zamani ya London kama Truefitt & Hill, lililoanzishwa mwaka 1805, huuza sabuni ndani ya mabakuli ya mbao, lakini mbao hunywa maji, huvimba, hukauka, kisha hupasuka kufuata nyuzi zake. Kopo la bati hushika kutu palipokwaruzika na kuacha duara la rangi ya kahawia kwenye sinki, duara litakalotajwa katika mazungumzo ya nyumbani kwa miaka mingi kuliko umri wa sabuni yenyewe. Alumini huliwa na alkali. Kioo na kaure haviliwi na chochote, ila huteleza, na mkono uliojaa povu ndio usiofaa kabisa kushika kitu chenye kuteleza juu ya sakafu ya vigae. Kifuu cha nazi kinastahili maneno zaidi, maana ni chombo cha Pwani kwa haki, ni kigumu, hakishiki kutu na hakigharimu kitu. Hata hivyo, anayekichagua akumbuke kwamba nusu yenye macho ina jicho moja jepesi ambalo hutoboka na kuvuja, na kwamba nusu zote mbili zina kitako cha mviringo, hivyo kifuu kisichowekewa ngata, yaani duara la kitambaa la kukalia, hupinduka mara tu brashi inapokigusa.

Hata chombo kikipatikana, sabuni haikitoshei. Vipande vigumu vya mviringo havina kipimo kimoja, na kipande kilicho chembamba kuliko chombo chake huzunguka pamoja na brashi badala ya kutoa povu, hali mnyoaji amesimama na uso mkavu akikoroga. Ufumbuzi wa wajuzi ni kuikwaruza sabuni iwe chenga, kuinyunyizia maji ya moto kidogo, na kuishindilia chomboni kwa kidole gumba. Wajuzi hao, ambao wengi ni wa Ulaya na Marekani, huagiza kikwaruzo cha jibini. Nyumba ya Pwani haina kikwaruzo cha jibini. Ina mbuzi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, na hakuna kifaa kinachoikuna sabuni kwa ustadi kama hicho. Chenga hutoka nyeupe, laini, hazitofautiki na nazi iliyokunwa, na balaa lote limo katika kutotofautika huko, kwa sababu aliyekuna huosha mbuzi kwa haraka ya mtu mwenye siri, na meno ya mbuzi yana kumbukumbu. Jioni kasimile, yaani lile tui zito la kwanza, huanza kupanda sufuriani kabla halijachemka. Samaki wa kupaka ana uvumilivu mkubwa, huvumilia ndimu, ukwaju na pilipili zote kwa pamoja, lakini haijavumbuliwa pilipili inayofunika harufu ya lavenda.

Msiba mkubwa zaidi ni wa yule anayenunua kwa jumla. Cella, sabuni laini ya Italia inayojulikana kwa harufu yake ya lozi, huuzwa pia katika bonge la kilo 1 linalokusudiwa vinyozi, bila chombo chochote. Kilo 1 humtosha mtu mmoja kwa muda mrefu mno, kwa hiyo bonge hukatwa kwa kisu na vipande hutawanywa katika makopo yaliyopo, la majarini, la aiskrimu, la mafuta ya mgando, na mojawapo hupelekwa kwenye friji kwa hoja kwamba joto la Dar es Salaam litaiyeyusha sabuni. Hivyo ndani ya friji huwamo kopo safi la majarini lenye kitu cheupe, laini, kinachonukia lozi, nao ni mwezi wa Ramadhani, na mgeni wa futari amekulia katika imani kwamba kinachonukia lozi kimetengenezwa kwa ajili ya wageni. Sabuni hiyo haiui. Mgeni hutema, husukutua, na kila anapojaribu kueleza kilichompata povu huongezeka, kwa kuwa ulimi usiotulia ndani ya mdomo uliolowa hufanya kazi yote ya brashi.

Chombo kinachofaa, basi, ni kile chenye mdomo mpana, kisicho cha chuma, kisicho kizuri kiasi cha kutamaniwa sebuleni, na kisichofanana na kitu chochote kilichowahi kuonekana juu ya meza ya chakula. Msomaji aliyekipata akiandike jina lake kama walivyofanya Wamarekani; dhahabu si lazima, wino usiofutika unatosha. Aandike ubavuni mwa kopo, asiandike juu ya kifuniko, kwa sababu vifuniko vya nyumbani huhamahama, na kile cha sabuni kwa kawaida hukutwa kimefunika unga wa uji.