Shemeji na Mizani ya Baruti

Shemeji yangu hapimi kitu. Pilau la Idi hulitia chumvi kwa kiganja na maji kwa jicho, na halijapata kumwangusha. Kwa hiyo aliponunua mtambo wa kujazia risasi na kuufunga kwa bolti kwenye meza ya gereji, huko Pennsylvania wanakoishi yeye na dada yangu, nilijua tutaona mengi.

Sababu aliyoitoa ni kubana matumizi. Bunduki yake inakula risasi ya .30-06, ile iliyoingia jeshini Marekani mwaka 1906 na ambayo wawindaji hawajaiacha hadi leo, na boksi la risasi 20 si la bei ya karanga. Ganda la shaba ndilo ghali, akaeleza, na ukishafyatua linabaki mkononi. Unatia fataki mpya, baruti na kichwa, basi. Marekani hilo ni jambo la kawaida, vifaa vyake vinauzwa dukani mchana kweupe. Mama yake, aliye Mombasa, aliposikia kwenye simu kwamba mwanawe anatengeneza risasi nyumbani, alinyamaza kidogo, kisha akauliza wakili atalipwa na nani.

Kazi huanza na usafi. Maganda yaliyotumika hutiwa kwenye bakuli la umeme lenye chenga za maganda ya jozi, likatetemeka kwa saa nyingi na mlio wa mashine ya kusaga mahindi iliyokosa grisi. Dada alivumilia, mpaka alipomkuta mumewe anachekecha yale maganda kwa chekecheo lake la unga. Vumbi lile lina madini ya risasi, sumu tupu. Chekecheo halikurudi jikoni, na shemeji alikula nje siku hiyo.

Kisha likaja la kukwama. Ganda lililofyatuliwa huwa limevimba, hivyo husukumwa ndani ya kalibu ya chuma lirudi umbo lake, na kabla ya hapo lazima lipakwe mafuta maalumu. Shemeji aliyapaka machache ya mwanzo kwa moyo mkunjufu, yaliyofuata akayabania. Wenzo ukashuka vizuri, kupanda, ukagoma. Akaniita. Tukauning'inia wawili, mtu na shemejiye, meza ikiinuka miguu ya nyuma, hadi ukasikika mlio mkavu: ukingo wa ganda umenyofoka, ganda lenyewe limebaki ndani. Dawa yake ni kulitoboa kitako kwa keekee, kulichonga hesi, kisha kulivuta kwa bolti. Kuna vifaa vya kazi hiyo tu. Tulipoingia dukani, muuzaji hakuuliza tunataka nini. Alitutazama nyuso, akaenda kuvileta.

Lakini mtihani wenyewe ulikuwa mizani. Baruti hupimwa kwa greni, na ratili moja ina greni 7,000. Kitabu kinakutajia, kwa kila aina ya baruti na kila uzito wa kichwa, uanzie wapi na usivuke wapi. Ukivuka, bunduki inaweza kukupasukia usoni. Hakuna cha kuonja kwanza. Babu yangu wa Handeni alikuwa na gobore, akilitilia baruti kwa makisio, na shemeji alikuwa akiipenda sana hadithi hiyo mpaka nilipomkumbusha kwamba mzee alikufa na vidole saba.

Basi mtu wa pilau la macho akawa anaongeza baruti punje kwa punje kwa kibanio cha nyusi cha mkewe. Mizani ile ya mkono huyumbishwa hata na upepo, kwa hiyo feni ilizimwa, watoto wakakatazwa kupita. Niliingia na sahani ya kaimati, mkono wa mizani ukacheza, nikafukuzwa na kaimati zangu, kwa kuwa mafuta yakigusa fataki huenda isiwake. Kila kitu kiliandikwa daftarini. Dada naye alikuwa na lake: kwa hesabu yake, hadi hapo ubanaji matumizi ulikuwa umekula nusu ya ng'ombe, tena aliyekwisha chinjwa.

Msimu wa kulungu kwa bunduki hufunguliwa Jumamosi baada ya sikukuu ya Shukrani. Usiku wa kuamkia siku hiyo shemeji alitayarisha fulana yake ya rangi ya chungwa, akakumbushana na mwanawe kwamba bismillahi hutangulia kidole, kisha akachukua funguo za gari aende kununua boksi la risasi.

Nikamuuliza, "Na zile za gereji, shemeji?"

"Zile nimezipima moja moja," akasema. "Leo nikampigie kulungu?"