Mteja wa Nguzo na Mlinzi wa Tovuti

Fomu ya mawasiliano, yaani ule ukurasa wa tovuti wenye visanduku ambamo mgeni huandika jina lake, namba yake na shida yake kisha akabonyeza "Tuma", ni mlango ambao mfanyabiashara huufungulia dunia nzima, na dunia nzima haina desturi ya kuja ikiwa na wateja peke yao. Huko Mgololo, wilayani Mufindi, mahali panapofahamika kwa kiwanda cha karatasi cha tangu miaka ya 1980 na kwa malori yanayoshusha magogo ya mipaina na milingoti, muuza mbao aliyefungua tovuti ili apate soko la Dar es Salaam huweza kukuta asubuhi lundo la jumbe, ambamo mmoja tu unaulizia bei ya mbao za mbili kwa nne, na zote zilizobaki zinamwalika kwenye kasino kwa Kirusi au zinamwahidi, bila kujua anauza nini, kwamba jina lake litatokea la kwanza kwenye Google. Hizi ndizo jumbe taka, ambazo ni jumbe zinazotumwa kwa wingi bila kuombwa, na aghalabu mtumaji wake ni roboti, yaani programu inayozunguka mtandaoni ikijaza kila fomu inayoiona. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inazigusa, lakini roboti hazisomi Gazeti la Serikali.

Silaha ya kwanza ambayo muuza mbao hushauriwa kuichukua ni kapcha, jaribio lililopewa jina hilo na watafiti waliokuwa Marekani, akiwamo Luis von Ahn, ambalo humtaka mgeni athibitishe ubinadamu wake kabla ya kusikilizwa. Hapo ndipo mkandarasi mwenye haja ya nguzo hamsini, badala ya kuulizwa urefu na unene wa nguzo, huonyeshwa picha tisa na kuamriwa achague zote zenye bomba la zimamoto, kifaa ambacho katika miji ya Marekani husimama pembeni mwa barabara lakini ambacho mtu anaweza kuzaliwa, kuoa na kustaafu Mgololo bila kukutana nacho. Akikosea huletewa pikipiki, na akishinda pikipiki huletewa taa za kuongozea magari, na hapo huzuka suala zito la kifalsafa, kama ule mlingoti unaoshikilia taa nao ni taa. Mtu huyo ana kitambulisho cha taifa, ana laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole, na bado anashindwa kuishawishi tovuti ya kijiji cha jirani kwamba yeye ni mtu.

Wabunifu walipoona kero hiyo walileta, mwaka 2018, toleo la kapcha ya Google lisilouliza kitu: humwangalia mgeni kimyakimya jinsi anavyotumia ukurasa, kisha humpa alama kati ya 0.0 na 1.0, ambapo alama ya chini humaanisha kwamba huenda ni roboti. Usumbufu umepungua, lakini gharama imehamia kwenye faragha, kwa kuwa mteja aliyetaka kujua bei ya mbao sasa anapimwa na kampuni ya ng'ambo ambayo hakuiandikia. Ni sawa na mlinzi wa getini aliyeacha kumhoji mgeni, akaamua kumfuata nyuma hadi ndani.

Wapo pia wanaozuia kwa anwani ya IP, ambayo ni namba inayotambulisha muunganisho wa kifaa kwenye intaneti. Njia hii ina kasoro moja kubwa mahali ambapo watu wengi huingia mtandaoni kwa simu, kwani mitandao ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya nje, hivyo anayemfungia mhuni mmoja huenda amewafungia mafundi seremala wengi wasio na hatia. Wengine huongeza visanduku: mkoa, wilaya, kata, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, hata namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) yenye tarakimu 20, na yote hayo kwa mtu anayeuliza kama lori hufika mpaka Mbagala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa kadiri ya haja tu, na ni vigumu kuona haja ya jinsia katika bei ya mbao. Roboti, kwa upande wake, hujaza visanduku hivyo vyote kwa furaha.

Njia yenye heshima zaidi ni kisanduku cha siri, ambacho binadamu hakioni lakini roboti hukiona katika msimbo wa ukurasa na kukijaza, ikajifichua yenyewe bila mteja kuulizwa chochote. Hata hiyo ina visa vyake: baadhi ya vivinjari vya simu, kwa wema wa kumsaidia mteja, hujaza kila kisanduku kwa niaba yake, cha siri kikiwamo, na ujumbe wake hutupwa kimya huku skrini ikimshukuru, naye akakaa wiki nzima akisema watu wa Mufindi wana dharau. Pamoja na hayo, kati ya kupoteza ujumbe mmoja mara chache na kumchunguza kila mgeni kila siku, la kwanza lina nafuu, ilimradi namba ya simu ya muuzaji iandikwe wazi chini ya fomu.

Hakuna njia kati ya hizi inayomzuia binadamu mwenyewe. Tapeli akiketi na simu yake, huchagua mabomba ya zimamoto yote bila kukosea, hukiacha kisanduku cha siri kitupu, hupewa alama nzuri na mtambo wa Google, kisha ujumbe wake humfikia muuza mbao katikati ya maulizo ya nguzo: "Ile hela tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina shida."